Mwaka Tulipopoteza Nyimbo Saba

Mwalimu Onesimo tulimzika Louisville Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Mimi nilitoka nyumbani kwangu Riverside, huku Buffalo, Ijumaa asubuhi, nikaendesha gari kwa muda wa karibu saa tisa peke yangu, na nilipofika Columbus nikapita bila kusimama hata kununua maji. Ningeweza kusimama. Jeneroza anaishi Columbus, na ningempigia simu angebandika sufuria jikoni kabla sijamaliza kumwambia niko wapi, maana ndivyo alivyo. Nikajiambia nina haraka. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa na haraka kila ninapokaribia mahali alipo Jeneroza. Nilijua tutakutana msibani, kwa sababu Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuimba sote wawili, na bado nilifika makaburini nikitumaini tutapishana tu katika kundi la watu. Badala yake alisimama nyuma yangu, akimshikia mwavuli Mama Rehema, mjane wa Mwalimu. Mbele yangu walikuwa wanaume wawili wa kwaya yetu ya zamani, viatu vyao vimejaa tope, wakizungumza kwa sauti ya chini.

“Zile nyimbo zake tulizorekodi zilikwenda wapi?” mmoja aliuliza.

“Si ziliuawa na virusi,” mwenzake akajibu. “Vile vya Jene.”

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokumbuka jambo dogo la zamani. Sikugeuka. Nilisikia mwavuli ukihama nyuma yangu, basi.

Mwaka tulipozipoteza nyimbo hizo ulikuwa wa tatu tangu tufike Amerika, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tulifanya kazi Jeffersontown, kwenye ghala la vipuri vya magari, mimi nikifunga maboksi na Jeneroza akiyabandika karatasi za anwani upande wa pili wa mkanda unaosogeza mizigo. Mkanda ule ulikuwa na kelele ya kuziba masikio, lakini Jene aliimba humo humo, na nikitazama midomo yake nilijua yuko ubeti gani. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Mwalimu alikuwa na nyimbo kumi na mbili alizozitunga kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Maneno yake yalikuwa kwenye daftari lenye jalada la bluu, na sauti zake hazikuwa mahali popote ila vichwani mwetu. Mwaka huo watu walianza kuhama. Familia moja ikaenda Iowa kwenye kiwanda cha nyama, nyingine ikajiandaa kwenda Texas. Jumapili moja baada ya ibada Mwalimu akatuketisha akasema, “Tukitawanyika hivi, nani atabaki na wimbo mzima? Kila mtu ataondoka na kipande.” Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa na kompyuta. “Nestori, turekodi.”

Tulirekodia kwenye apatimenti yangu. Ilikuwa na kabati la nguo la kuingia mtu mzima, nikatoa nguo zote, nikapigilia mablanketi ukutani, nikaning’iniza kipaza sauti kwenye fimbo ya kutundikia makoti. Waliingia wawili wawili, wakatoka jasho linawatiririka. Friji ilikuwa inanguruma, kwa hiyo kabla ya kurekodi niliichomoa ukutani, na Jumamosi moja nikasahau kuirudisha, kuku wawili wakaoza na samaki pia, Mama Rehema akanisema wiki nzima. Mama huyo alikuja kila Jumamosi na sufuria la maharage na ndizi, tukala tumekaa sakafuni, sahani magotini, huku Mwalimu akiimba tena mstari ambao sauti ya tatu waliukosea. Nikikumbuka vyumba vyote nilivyowahi kuishi katika nchi hii, hicho ndicho ninachokiona wazi zaidi, na ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu tulikuwa na kila kitu tulichohitaji na mimi nikakiharibu kwa uvivu wa nusu saa.

Ilikuwa hivi. Programu ya kurekodi iliyokuja na kompyuta ilikuwa dhaifu, sauti zikigongana. Kulikuwa na nzuri inayouzwa. Nikatafuta kwenye intaneti nikaipata bure, mtu ameivunja kufuli. Maelekezo yake yalisema kwanza nizime kinga ya virusi, vinginevyo haitafunguka. Nikaizima. Hata mtoto angejiuliza kwa nini mtu anakuomba ufungue mlango na umfukuze mbwa kwanza, lakini mimi sikujiuliza. Programu ikafanya kazi vizuri sana. Mwalimu akasikiliza wimbo wa kwanza kwenye spika, akafuta miwani, akasema, “Kumbe sisi tunaimba hivi?” Nilijivuna. Sikumwambia mtu nilikoitoa.

Tulipomaliza kila Jumamosi, Jene alibaki nusu saa kwenye kompyuta kujaza maombi ya kazi. Alitaka kazi ya mapokezi hospitalini. Alianza kwa kuchapa kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anatafuta sindano, na kufikia mwezi wa sita alikuwa anachapa kwa vidole vinne huku akizungumza na Mama Rehema. Alifurahi kama mtu aliyejifunza kuendesha baiskeli. “Kaka, ona, siangalii mkono!” aliniambia.

Mwezi wa saba kompyuta ikaanza kuumwa. Ilichukua dakika kumi kuwaka. Nikifungua ukurasa mmoja, zinafunguka tatu za matangazo. Nilidhani imezeeka. Jumapili moja nikaweka nyimbo tulizokwisha rekodi kwenye flashi, nikaipeleka kanisani Mwalimu awasikilizishe wazee. Tukaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, na badala ya nyimbo tukaona vialama vidogo vyenye mshale, njia za mkato zisizofika popote. Mwalimu akabofya kimoja. Akabofya kingine. Kesho yake orodha za washirika, matangazo, barua za kuwaombea watu nyumba, kila kitu kwenye ile kompyuta ya kanisa kilikuwa kimegeuka vialama vyenye mshale.

Mwalimu alikuja kwangu jioni hiyo kabla jua halijazama, bado amevaa fulana ya kazini. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, “Nani mwingine anaitumia kompyuta hii?”

“Mimi,” nikasema. “Na Jene kidogo, akijaza maombi ya kazi.”

Sikusema uongo hata neno moja. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi sana, na kila mara naiona haina kosa, na kila mara inanitia hasira. Mwalimu akatikisa kichwa polepole. “Hawa vijana wanafungua kila kitu,” akasema. Nami nikaenda kumwekea chai.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nimetoka kwenye korido ya kanisa nikielekea jikoni kuomba sahani, nikasikia akina mama ndani wanaongea huku wanamenya viazi. “Mnadhani ni maombi ya kazi kweli?” mmoja alisema. “Msichana anakaa kwenye intaneti nusu saa kila wiki, nyumbani kwa mwanamume. Anatafuta wanaume huko, ndiko kunakotoka vitu hivyo.” Mwingine akasema, “Na sauti nzuri vile.” Nilisimama nimeshika kitasa. Ningeingia, ningesema maneno kumi tu. Nikaachia kitasa, nikarudi ukumbini, nikala kwa kutumia mfuniko wa bakuli.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema tuiombee. Kijana wa kazini alisema, “Fomati tu, futa yote, itakuwa mpya,” kana kwamba nyimbo zetu zingefomatiwa zikarudi mpya nazo. Na mimi, katika kuhangaika, siku moja likatokea dirisha kubwa jekundu likasema kompyuta yangu ina vitu mia kadhaa vibaya, na chini yake kitufe cha kusafisha. Nikakibonyeza. Kikasafisha kwa saa nzima huku nikishukuru. Kesho yake ndipo nikakumbuka Mutua.

Mutua alikuwa Mkenya aliyesali nasi mwaka mmoja Louisville, kisha akaenda Columbus kusomea mambo ya kompyuta. Nikampigia nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nje, karibu na mapipa.

“Skiza, usiweke flash ingine hapo,” alisema kabla sijamaliza. “Toa internet kabisa, zima. Halafu usifomati. Ukifomati saa hii, kazi yote imeenda. Watu wanakimbilia kuosha mashine kabla ya kutoa vitu vyao ndani. Na kama kuna kitu inakuambia ‘safisha’, hiyo ndio mbaya zaidi, usiguse.”

“Nimeshagusa.”

“Lini?”

“Jana.”

“Haya,” akasema. “Izime. Usiiwashe tena hata kuangalia. Ileteni hivyo hivyo.”

Tukaenda Jumamosi, mimi na Mwalimu, kwa gari lake, kompyuta imefungwa taulo magotini mwangu kama mtoto mchanga. Jene hakualikwa. Chumba cha Mutua kilikuwa kidogo, kitanda na meza na jiko la umeme, na juu ya meza kompyuta tatu zimefunguliwa matumbo. Alitupikia ugali na mayai, akaosha mikono vizuri, akakaa. Akaweka CD kwenye kompyuta yangu, akaiwasha kwa hiyo CD. “Hivi mfumo wake wenyewe unabaki umelala,” alimweleza Mwalimu kwa heshima, kama anayemweleza baba yake. “Virusi wanaishi huko. Wasipoamka, hawawezi kurukia disk yetu.” Kisha akachomeka diski mpya, tupu, ambayo haijawahi kugusa mashine nyingine, akaanza kupita folda moja moja. Sauti, chukua. Picha, chukua. Barua, chukua. Programu, wacha. Vile vialama vya mshale, wacha. Kitu usichokijua ni nini, wacha. Alifanya hivyo saa mbili. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, daftari la bluu mapajani, akipiga alama kwenye kila wimbo uliopatikana.

Alama zilifika tano zikasimama. Nyimbo saba zilikuwa bado vipande, sauti ya kwanza mahali pake, ya pili mahali pake, hazijaunganishwa, na programu ile ilikuwa imeviweka vipande hivyo kwenye folda ya vitu vya muda. Folda hiyo ndiyo iliyosafishwa na kile kitufe chekundu. Mutua alijaribu kuvichimbua kwa njia nyingine, akapata sekunde kumi na moja za sauti ya nne, wanaume wakivuta pumzi kabla ya kuimba. Mwalimu akauliza, “Basi?” Mutua akasema, “Basi, Mwalimu.” Mzee akasimama akasema anakwenda kunyoosha miguu nje.

Alipotoka, Mutua akageuza skrini kwangu. “Hii ndio mlango,” akasema, kidole kwenye ile programu niliyoipakua. Tarehe ilikuwa hapo. Ilikuwa wiki tatu kabla ya Jene kugusa kompyuta ile kwa mara ya kwanza. “Ni wewe uliiweka?”

“Ni mimi.”

“Na huyu mzee mlipofika ameniambia ni msichana fulani.”

Nikatazama mlango Mwalimu alikotokea.

“Mwambie mwenyewe, Nestori. Mimi si wa kanisa lenu tena.”

Nikasema nitamwambia. Mutua akaendelea na kazi. Akaipeleka diski kwenye kompyuta nyingine kuukuu isiyokuwa na intaneti ila yenye kinga mpya, akaikagua mara mbili, kisha akazifungua nyimbo zote tano na kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho, maana alisema nakala ambayo hujaifungua si nakala bado. Akatengeneza nyingine ya pili. “Moja kwa Mwalimu, moja kwako, nyumba mbili tofauti. Na isibaki imechomekwa kwa mashine, ikibaki itaumwa pamoja nayo.” Ndipo akaifuta kompyuta yangu yote, akaanza upya, akaniambia nibadilishe nywila zangu zote kwa kutumia mashine nyingine. Nikashukuru. Njia nzima kurudi, zaidi ya saa tatu, Mwalimu aliendesha akiimba moja ya zile saba kwa sauti ndogo, na kila alipopumzika nilifungua mdomo, na kila nilipofungua mdomo alianza ubeti mwingine, na nilifurahi kwamba alianza.

Siku hizi nafanya kazi Tonawanda, jirani na Buffalo, natunza mashine za kiwandani, na watu wa kanisani kwetu huniletea kompyuta zao zinapoumwa. Wote huuliza jambo lile lile: itapona lini? Naanza kwa kuwauliza ndani yake mna nini ambacho hamkipati tena kikipotea. Wananitazama kama nawapotezea muda. Hunikasirisha, kisha nakumbuka nilivyokuwa mimi, nikazidi kukasirika.

Kurekodi upya hakukuwezekana. Sauti ya tatu ilihamia Texas, na Mwalimu akakataa kuzitoa zile tano pungufu. Jene alikuwa ameshaacha kuja Jumamosi. Mwezi wa kumi akapata nafasi ya kukaa na binamu yake Columbus, na siku moja kabla ya kuondoka akaja kwangu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na koti jipya la baridi, kubwa kuliko yeye.

“Kaka Nestori,” alisema, “kama ni mkono wangu ulioharibu, nisamehe. Sijui nilibofya nini. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.”

Nikamwambia, “Hamna shida, dada. Yameisha.”

Nilimsamehe. Nimeandika kurasa hizi zote ili nifike kwenye neno hilo, na nikilisoma bado natamani kulichana.

Baada ya mazishi tulirudi ukumbi wa kanisa kula. Jene alikuwa jikoni anaosha masufuria makubwa, mikono imevimba kwa maji ya moto. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha. Alizungumza kuhusu Mama Rehema, atakaa na nani sasa. Nikamkatiza.

“Jene, ile kompyuta. Hukuwa wewe.”

Aliendelea kusugua. “Sikuwa mimi nini?”

“Virusi. Nilivileta mimi. Kuna programu ya wizi niliipakua kabla hujaigusa hata mara moja. Na zile saba nilizifuta mimi, kwa mkono wangu. Mutua alinionyesha siku ile ile. Nikanyamaza.”

Akafunga bomba. Akatazama maji yanavyoshuka kwenye sinki.

“Nilikuja kukuomba msamaha,” akasema.

“Ulikuja.”

“Ukanisamehe.” Sauti ikapanda. “Ukanisamehe, Nestori! Unajua mara ngapi wameniita ofisini kazini? Mara mbili. Wananiambia, ‘Jeneroza, miaka yote hii kwenye laini, njoo uwe msimamizi, uingize mizigo kwenye kompyuta.’ Nikasema macho yananiuma. Fomu za shule wananijazia watoto, watoto wadogo! Wananiambia, ‘Mama, just click, bofya tu,’ na mimi narudisha mkono. Nilidhani nina mkono mbaya.”

Akanielekeza ukumbini kwa kidevu. “Nenda ukaseme. Pale mezani walipo. Sasa hivi.”

Nikaenda. Nilisimama karibu na Mama Rehema nikasema yote, kuanzia programu mpaka kitufe chekundu mpaka mlangoni kwangu. Mzee mmoja akapunga mkono. “Aa, mambo ya zamani hayo, kaka. Mungu ameshasamehe. Kaa unywe chai.” Wengine wakaitikia, wepesi kabisa, kama walivyokuwa wepesi wakati ule. Jene alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, maji yanadondoka mikononi.

“Mlisema natafuta wanaume,” alisema. “Nilisikia. Nilikuwa nafua vitambaa chumba cha pili.”

Mama Rehema akavuta kiti. “Kaa, mwanangu, ule kidogo.”

“Nimeshiba, mama,” Jene akasema, akamwinamia akambusu kichwani, akachukua koti lake.

Nilimfuata mpaka kwenye gari. Nilimwambia nyimbo tano zipo, sauti yake imo katika zote. Alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba, hanitazami. “Leo usinipe kitu,” akasema. “Tuma.”

Jumapili iliyofuata, hapa Buffalo, nilinunua flashi mpya, nikaikagua, nikaweka nyimbo tano, nikazisikiliza zote kutoka kwenye hiyo flashi. Nilijaribu kuandika barua. Ya kwanza ilijaa kurasa mbili, yote ikiwa ni habari zangu. Nikaichana. Ya pili pia. Mwishowe nikaandika kwenye kipande cha karatasi: Nyimbo tano. Nimezikagua. Ni salama. Nikaipeleka posta.

Wiki tatu hakukuwa na neno. Kisha mchana mmoja, nikiwa kwenye mapumziko pale kiwandani Tonawanda, ujumbe ukaingia.

“Imefika. Ilikaa wiki mbili kwenye droo. Leo nimeichomeka mwenyewe, watoto wako shule. Mwalimu anakohoa mwanzo wa wimbo wa tatu.”

Nikapiga simu palepale. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita vilevile. Kengele ya kazi ikalia, nikaiweka simu mfukoni, nikarudi kwenye mashine.